Stika ya mzigo ndani ya seli (sehemu ya 6)

Mama zangu, nimewahi kumsikia mama akiulizwa wodini, "Ulikula nini ukiwa na mimba?" Mtoto alianza vizuri, halafu akawa anarudi nyuma. Leo nawapa historia ya ugonjwa mmoja wa aina hiyo, unaitwa Hurler. Unarithiwa kwa baba NA mama, chakula hakihusiki.

Ndani ya seli kuna vifuko vya kusaga taka, lisosomu. Christian de Duve wa Ubelgiji alivieleza 1955. Wasagaji ni vimeng'enya. Kikikosekana kimoja tu, taka zinarundikana.

1968, kule Marekani, Elizabeth Neufeld na wenzake wakachanganya seli za mgonjwa wa Hurler na za mgonjwa wa Hunter. Jamani, zikasaidiana! Kila moja ilimpa mwenzake alichokosa.

Sasa seli inajuaje cha kupokea? 1977 timu ya William Sly, St. Louis, ikaonyesha ni sukari yenye fosfati, manosi-6-fosfati. Walipoimwaga kwenye seli, kimeng'enya kikashindwa kuingia, maana kipokezi kilishashikwa. Fikiria mzigo wa basi: sukari ndiyo stika, kipokezi ndiye konda anayeisoma na kuupeleka mzigo panapohusika.

Kwa stika hiyohiyo ikapatikana dripu ya Hurler, laronidase, iliyoidhinishwa Marekani 2003. Inasaidia kupumua na kutembea. Ubongoni haifiki vizuri, ndiyo maana watoto wadogo wenye Hurler kali hupandikizwa uboho pia, mapema.