Mchunga Sio Chakula cha Njaa

Wiki iliyopita niliweka video ya hawe wangu akipika mutsunga wa nazi na sima ya mtama. Kwa wale si Wagiriama: hawe ni nyanya, na mutsunga ni mchunga, yale majani machungu yanayoota yenyewe shambani mvua ikinyesha. Nilidhani mtauliza tu vile anakata ule uchungu. Koment iliyopendwa kuliko zote ikawa hii: "Bro, hicho si chakula cha njaa? Rudi chuo upate kazi ule kuku."

Ya chuo nakubali. Niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Na huko mjini nilikuwa naishi kwa chipsi, smokie na soda, naamka nimechoka kama nimelima usiku kucha. Nimerudi Kakuyuni, sa hii nala kinachotoka shambani, na mwili wenyewe unajua tofauti. Lakini hilo neno "njaa" limenikaa kooni. Maana ukifuata historia ya hapa hapa kwetu, mambo ni kinyume kabisa.

Tuanze Malindi mjini. Mwaka wa 1861 Sultani wa Zanzibar aliufufua huo mji, ukajaa mashamba makubwa ya mtama na ufuta. Nafaka ya Malindi ilikuwa inapakiwa majahazini mpaka Uarabuni. Tusipambe hapo: aliyekuwa analima ni mtumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria huku pwani mwaka wa 1907, yale mashamba yakakosa watu.

Wakati huo Wagiriama walikuwa wameshavuka mto Sabaki, tangu miaka ya 1890, wakitafuta ardhi yenye rutuba upande wa kaskazini. Walilima mtama, mahindi, kunde. Wakashiba, ya ziada wakauza. Mboga ilikuwa ile ile unayoicheka leo: mchunga, mnavu, majani ya kunde, kisamvu.

Sasa Mwingereza anataka vibarua kwa ajili ya mashamba ya pwani. Mwaka wa 1912 akaletwa afisa anaitwa Arthur Champion kuja kusimamia Wagiriama. Kazi yake: kodi ya nyumba, na vijana watoke waende kibarua. Vijana hawakutaka. Si kwamba walikuwa wavivu. Hebu fikiria, uchaga wa mamako umejaa nafaka, unaenda kumlimia mtu mwingine kwa rupia mbili tatu ili iweje? Tumbo lililoshiba lilikuwa linampa mtu nguvu ya kusema hapana.

Mekatilili wa Menza unamjua, angalau sanamu yake pale Malindi. Mwaka wa 1913 alizunguka akiwahimiza watu wakatae, wakala kiapo Kaya Fungo. Akakamatwa yeye na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali huko Kisii. Wakatoroka, wakarudi nyumbani. Agosti 1914 serikali ikaipiga Kaya Fungo kwa baruti, vita vikaanza, nyumba zikachomwa, Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Na sikiliza hii: wakaamriwa wahame kaskazini ya Sabaki. Yaani watoke kwenye shamba lenyewe. Shuleni hii tulisoma kama hadithi ya mwanamke jasiri, na ni kweli alikuwa jasiri. Mimi nikiisoma leo naona pia vita vya ghala. Ukitaka mtu aje kibarua, mtoe kwanza kwenye chakula chake.

Halafu kuna neno posho. Sisi tunasema posho mili bila kufikiria. Posho ilikuwa ule mgao wa chakula anaopewa kibarua au mpagazi, na sana sana ulikuwa unga wa mahindi. Kwenye mashamba ya walowezi, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, mtu alikuwa anapimiwa unga. Mahindi ni rahisi kuhifadhi, rahisi kubeba, basi. Hakuna aliyekaa chini akasema hiki ndicho chakula bora cha Mwafrika. Miaka ikapita, unga ukakobolewa ukawa mweupe pe, ukaingia pakiti, na leo mtu anakuambia bila sima nyeupe hajala.

Msinielewe vibaya. Sipigani na mahindi. Mahindi yenyewe ni mgeni, yalitoka Marekani kama muhogo, na babu zetu wakayapokea vizuri wakayatia kwenye shamba pamoja na vingine. Na njaa zilikuwepo, mvua ikikosa watu walikufa, sitaki kuwadanganya. Shida ni pale sahani yenye vitu kumi ilipobaki na kimoja, halafu tukafundishwa kuwaonea haya wale tisa wengine.

Kwa hiyo mkiniuliza naanzaje kubadilisha ulaji, usinunue chia wala unga wa shayiri wa bei mbaya. Uliza tu saa hii shambani kuna nini. Masika ikinyesha, kuanzia Aprili, ni wakati wa mboga za majani: mchunga, mnavu, majani ya kunde. Mvua ikipungua kuna mahindi mabichi, kunde na pojo. Kiangazi muhogo upo ardhini unakungoja. Desemba embe zinaanguka mpaka zinaoza, ngowe na boribo, na sisi tunanunua juisi ya pakiti! Nazi ipo mwaka mzima. Na kama uko Nairobi au Mombasa, tafuta mama mboga anayeuza vya msimu. Mara nyingi ndivyo vya bei ya chini, kwa sababu vimejaa.

Na ule uchungu wa mchunga, hawe anauchanganya na majani ya kunde, anachemsha, anamwaga maji ya kwanza, kisha tui zito. Kwa sima ya mtama.

Nilimsomea ile koment. Akacheka, akauliza, "Huyo mwenyewe huwa ala nini?" Nikamwambia sijui, pengine chipsi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwambie mvua imenyesha. Aje, mutsunga uko mwingi."

Basi ndugu yangu wa koment, umeitwa. Kuku pia tunao, ila hao hawe hachinji ovyo.