Jukwaa Lisilo na Pazia: Maigizo ya Uswahilini na Wasomi Waliochelewa Kuyaona

Mdundiko ukitoka kwenye nyumba ya shughuli Buguruni hauulizi ukumbi uko wapi. Ngoma zinatangulia, akina mama wanafuata, magari yanasimama, na mtoto aliyetumwa dukani anajikuta mtaa wa tatu kutoka kwao. Ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa eneo hili tangu Buguruni ilipokuwa kijiji cha pembezoni, kabla mji haujaimeza. Ndani yake mna wachezaji, mna watazamaji, mna kisa kinachosherehekewa, na mna majibizano. Hata hivyo, kwa miaka mingi waliotaka kuandika historia ya tamthilia ya Dar es Salaam hawakuja huku. Walitafuta mwandishi, kitabu, jukwaa na pazia, na vitu hivyo vilikuwa kwenye kumbi za Wazungu na za shule, ambako watoto wa Kiafrika walifundishwa kukariri Shakespeare.

Nami nashikilia kwamba historia hiyo ianzie barabarani, na sababu yangu kubwa ni beni.

Beni ilizaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, kwa vijana waliochukua tarumbeta, gwaride na sare za kijeshi wakazifanya mchezo wao. Ikashuka pwani hadi Dar es Salaam na kugawanyika pande mbili zilizoshindana bila kuchoka: Marini, iliyowavuta zaidi makarani na watu wa pwani waliosoma, na Arinoti, iliyokuwa na vibarua na watu wa bara wengi zaidi. Kila upande ulikuwa na majenerali wake, madaktari wake, vyeo na mavazi, na ulitumia fedha nyingi kuuaibisha upande wa pili kwa karamu na nyimbo. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa Afrika Mashariki, askari na wapagazi waliibeba beni hadi Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo.

Watawala wengi waliiona kuwa ni uigaji mtupu, Mwafrika akimkariri Mzungu. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikataa maelezo hayo katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni. Alionyesha kwamba pande mbili za mji wa Waswahili zilishindana kwa ngoma na mashairi muda mrefu kabla ya bendi ya kwanza ya kikoloni kusikika. Sare zilikuwa mpya, lakini ushindani ulikuwa wa kale, na mwenye mji ndiye aliyechagua aazime nini kwa mgeni. Katika yote yaliyoandikwa kuhusu sanaa zetu za maonyesho, kwangu hii ndiyo hoja yenye manufaa zaidi.

Mlimani, kwenye Chuo Kikuu hicho cha Dar es Salaam, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, sanaa za maonyesho zilifundishwa chuo kikuu, na ndani ya miaka michache Kiswahili kikapata tamthilia nzito: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein mwaka 1969, kisha kazi za Penina Muhando. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa amekwisha kumtafsiri Shakespeare. Ni utajiri ambao hakuna anayepaswa kuubeza, lakini msomaji wake wa kwanza alikuwa mwanafunzi, na mwenye kibanda cha Kariakoo alikuwa na maonyesho mengine.

Hussein alilijua hilo. Alipokwenda Berlin ya Mashariki, mji wa mwandishi wa tamthilia Brecht, kuandika tasnifu yake kuhusu maendeleo ya tamthilia ya Afrika Mashariki, iliyokamilika 1975, hakuishia kwenye vitabu. Aliviangalia pia vichekesho, vile vipande vifupi visivyoandikwa vilivyochezwa mijini, vya mshamba aliyeingia mjini na mtumishi asiyeelewa amri. Wengine waliviona vichekesho kuwa mzaha mwepesi uliojaa dharau ya kikoloni dhidi ya mtu wa kijijini. Dharau hiyo ilikuwamo kweli. Lakini ndani ya vichekesho ndimo waigizaji walipojifunza kutunga papo kwa papo mbele ya umati usio na subira, na ufundi huo ulikuja kujaza kumbi.

Kufikia 1981, serikali ilikuwa imevunja vikundi vyake vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa. Pengo la mjini likajazwa na vikundi vya uswahilini. Muungano ya Norbert Chenga ilianza 1980. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, CCM ikaunda Tanzania One Theatre, ile TOT ya Kapteni John Komba. Onyesho moja lilikuwa na ngoma, sarakasi, kwaya, kichekesho, igizo refu na taarabu, kwenye kumbi na baa kama Amana pale Ilala, ambapo mtu wa Buguruni angeweza kwenda kwa miguu. Igizo halikuwa na maandishi: waigizaji walikubaliana kisa, maneno yakatafutwa jukwaani. Mama aliyeguswa aliinuka katikati ya wimbo akaenda kumtunza mwimbaji noti, na ukumbi mzima ukajua noti ile imemlenga nani.

Mnorwei Siri Lange na Mmarekani Laura Edmondson walikaa na vikundi hivi miaka ya 1990. Lange aliona kwamba mada zilizotawala zilikuwa ndoa, fedha, uchawi na wanawake wa mjini, na kwamba matakwa ya watazamaji yalikuwa na nguvu kuliko siasa ya ujenzi wa taifa. Edmondson, katika kitabu chake cha 2007, alitazama jinsi taifa lenyewe lilivyojadiliwa kwenye maonyesho hayo. Huko nje, mashabiki waligawanyika: Khadija Kopa wa TOT au Nasma Khamis wa Muungano, mpasho kwa mpasho. Aliyesoma Ranger atawatambua Marini na Arinoti.

Televisheni ilifika Tanzania Bara mwaka 1994. Kundi la Kaole likahamishia maigizo sebuleni, filamu za Kibongo zikafuata, na maonyesho ya baa yakanyauka. Maelezo marefu zaidi ya maigizo yale yamo leo katika vitabu vya Kiingereza, ilhali yalichezwa kwa Kiswahili na watu ambao baadhi yao wangali hai. Chuo kikuu kiko Mlimani, daladala chache kutoka Buguruni. Wanafunzi wake waje na vinasa sauti wakawasikilize wangali na kumbukumbu.