Kurasa Bubu

Ukiondoka Nairobi kwa barabara ya Magadi, ukapita Ongata Rongai na Kiserian, ukaviacha vilima vya Ngong nyuma yako, utateremka katika nchi ya joto na miiba hata ufike Oltepesi, jina ambalo kwa Kimaasai ni la mti wa mgunga. Jirani na hapo ni Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walianza katika miaka ya 1940 kuyafukua mashoka ya mawe ya watu wa kale. Watu wale hawakuwa na kucha za simba wala meno ya fisi. Walijichongea makali yao wenyewe. Nimeanza na mawe hayo kwa kuwa habari ninayotaka kukusimulia ni ya watu wengine waliokosa chombo wakajichongea, ila chombo chao ni cha maneno matupu, hakishikiki mkononi.

Mfikirie kijana asiyeona wa Oltepesi aliyemaliza kidato cha nne. Anataka kuomba mkopo wa masomo, na fomu ya ombi haipatikani kwa karatasi. Imo katika ukurasa wa intaneti. Kompyuta yake ina kisomaskrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyoandikwa kwenye kioo. Anasikia "jina", anaandika jina lake. Anasikia "mwaka", anaandika mwaka. Kisha sauti inasema, "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Basi. Mwenye macho angeona picha tatu: moja ya kufuta yote, moja ya kuhifadhi, na moja ya kutuma. Aliyeutengeneza ukurasa alizichora picha akasahau kuzipa majina, na kisomaskrini hakiwezi kutamka jina lisilokuwapo. Imempasa kijana amwite jirani, naye aone nambari ya kitambulisho, mapato ya wazazi, hata neno la siri. Kwa maoni yangu huo ndio ubaya wa jambo hili, kuliko muda unaopotea: mtu mzima hana siri tena.

Hapo zamani kidogo taabu hiyo ilikuwa ndogo. Kompyuta nyingi zilionyesha herufi tu, mstari chini ya mstari, na herufi ni rahisi kutamkwa. Jim Thatcher, mwanahisabati wa kampuni ya IBM, alitengeneza programu ya kuzisoma akishirikiana na mwenzake asiyeona, Jesse Wright, nayo ikatolewa mwaka wa 1986. Kisha zikaenea kompyuta za picha na madirisha, na tangu mwaka wa 1991 zikaja kurasa za wavuti, ambazo baadaye zilipambwa kwa ajili ya macho.

Huko Florida, Marekani, alikuwako Ted Henter, mshindani wa mbio za pikipiki aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka wa 1978. Alijifunza kuandika programu, na mwaka wa 1989 kampuni yake ikatoa kisomaskrini kiitwacho JAWS. Toleo la Windows likafuata mwaka wa 1995. Toleo hilo lilikuwa na lugha yake ndogo ya maagizo, na maagizo yaandikwayo kwa lugha hiyo huitwa skripti. Yafaa ulielewe vizuri jambo hili. Skripti haiugusi ukurasa kule ulikotoka. Hukaa katika kompyuta ya msomaji, ikingoja. Kijana wetu, au rafiki yake ajuaye kazi hiyo, ameandika humo: nikigusa vitufe fulani vya kibodi kwa pamoja, nenda kwenye fomu, hesabu vitufe, shika cha tatu, useme "Tuma", kisha ukibonyeze. Mwingine huandika: usinisomee matangazo ya juu, anzia palipo na kichwa cha habari. Mistari kumi au ishirini ya namna hiyo mara nyingine hutosha kuusemesha ukurasa bubu.

Lakini usidhani kwamba shida imekwisha. Mwenye ukurasa akiongeza kitufe kimoja tu mwanzoni, cha tatu huwa cha nne, na skripti iliyotuma ombi jana leo yaweza kubonyeza kitu kingine kabisa. Ni kama mtu aliyehesabu hatua hadi kisimani, akaamka akakuta kisima kimehamishwa usiku bila yeye kuambiwa. Mwandishi mzuri wa skripti haamini hesabu. Hutafuta dalili isiyobadilika upesi, kama vile jina la faili la ile picha. Hata hivyo kazi yake haiishi.

Bei nayo ilikuwa ukuta. Mwaka wa 2006 Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kuandika kisomaskrini cha bure, NVDA, akaungana na James Teh, naye asiyeona. Yeyote ajuaye lugha ya Python aweza kukiongezea kazi, na sauti yake ya eSpeak yaweza kusoma Kiswahili. Huko Japani, Chieko Asakawa wa IBM, aliyepoteza macho akiwa na miaka 14, alianzisha na wenzake mwaka wa 2008 mpango ambao asiyeona alitaja ukurasa uliomshinda, na wenye macho wakajitolea kuzipa picha majina.

Nchini Kenya, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona huko Thika mwaka wa 1946, na vidole vya wanafunzi vikasoma nukta nundu. Shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka wa 2009 na Irene Mbari-Kirika, likawapelekea wanafunzi wa Thika maabara ya kompyuta. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikampa mwenye ulemavu haki ya kupata habari. Kanuni za kimataifa zilikuwa zimekwisha kutaka, tangu mwaka wa 1999, kila picha ya ukurasa iambatane na maneno. Na mwaka wa 2022 Kenya ikatoa kiwango chake cha taifa juu ya teknolojia inayoweza kutumiwa na wenye ulemavu. Kurasa zilizokwisha kutengenezwa ni nyingi, na kila moja isiyo na majina ingali inangoja mtu wa kuihesabia vitufe.