Springi na Malungu

Ufipa ilijua chuma kabla ya kujua gari. Jambo hili husahauliwa upesi, nasi tunaoishi Sumbawanga hulisahau kuliko wengine, kwa kuwa kila chuma tunachokishika leo kimeletwa na lori. Hata hivyo, atembeaye vijijini katika nyanda hizi za juu bado ataona malungu, yaani matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, ambamo wazee waliyeyusha mawe yenye chuma.

Ilungu lilifikia kimo cha mita 3 hivi. Halikuhitaji mivukuto, upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini na moto ukapanda. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikasafishwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kisha mhunzi akafua majembe. Wakati wa ukoloni majembe ya viwandani yalifika kwa wingi, na malungu yakazimika. Ukabaki uhunzi usio na chuma chake.

Chuma hicho kikapatikana wapi? Nyuma ya gari bovu. Springi za nyuma za malori na pikapu nyingi ni mabapa marefu yaliyopangwa moja juu ya jingine, refu juu na fupi chini. Chuma chake hushika ugumu kikitiwa moto na kupozwa. Ndiyo maana mhunzi hukata bapa moja akapata panga, shoka au jembe.

Springi hiyohiyo humfaa anayetaka kuunda gari lake mwenyewe, kwani hufanya kazi mbili: hubeba mzigo, na huishika ekseli isisogee mbele wala nyuma. Ncha ya mbele hufungwa kwenye chesisi kwa pini na bushi. Ncha ya nyuma huning'inia kwa shakoli, kwa sababu springi ikilaliwa na mzigo hurefuka kidogo na lazima ipate pa kusogea. Fundi akipata ekseli yenye difu, jozi ya springi, boliti zake na shokapu mbili, sehemu kubwa ya kazi ya nyuma ameimaliza.

Taabu iko katika kulinganisha. Springi ya pikapu ya tani moja haijui kwamba sasa imewekewa bodi nyepesi. Itawarusha abiria kwenye kila kokoto. Fundi hupunguza mabapa, lakini akizidisha, bapa kuu litavunjika. Akilichomelea, ule ugumu uliotiwa kiwandani hupotea pale moto ulipopita. Na ekseli ikifungwa kombo hata kidogo, gari huenda kimshazari na kula matairi. Nilimuuliza fundi mmoja wa hapa mjini anaanzia wapi anapoletewa gari bovu. Akanijibu, "Naanza na futi kamba, mwalimu. Nyundo baadaye."

Kupata vifaa vyenyewe ni historia nyingine. Reli ya Uhuru, iliyokabidhiwa mwaka 1976, hupita Tunduma, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Kwa miaka mingi iliyofuata, kipande kilichobaki kilikuwa cha vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 fedha za kigeni zilikuwa haba, spea zikaadimika nchi nzima. Gari lililokufa likawa ghala la yaliyo hai. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa, vifaa vilianza kurudi madukani, lakini tabia ya kutotupa chuma ilikwisha kuota mizizi. Ekseli iliyokataliwa na gari ilipata kazi chini ya mkokoteni wa ng'ombe.

Wenye uwezo mkubwa nao walikutana na swali lilelile. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama lingekuwa la sura mbaya na la mwendo wa polepole. Magari ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer yalioneshwa hadharani mwaka 1990, nayo yalifikia kilomita 120 kwa saa. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Basi, kuunda gari moja si muujiza. Kuunda la elfu moja kunadai mahali ambapo springi elfu mbili zinazolingana zitatoka, na mahali hapo si jalala la gereji.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Nchi iliyoyeyusha chuma chake inakula vigae vya chuma cha wengine. Siwadharau wanaofanya hivyo; kupima, kuchagua na kulinganisha ni elimu, tena ngumu. Lakini elimu hiyo inamtegemea mwenye gari bovu. Magari mengi madogo yanayoingia siku hizi yana springi za koili, ambazo hubeba mzigo tu na haziwezi peke yake kuishika ekseli mahali pake. Wanunuzi wa chuma chakavu nao hupita, wakapakia na kwenda zao. Wazee wa malungu walijua chuma chao kimechimbwa wapi, na hakuna aliyeweza kuwapakilia lile jiwe kabla hawajaamka.