Kompyuta hewa: zilitoka wapi, na kwa nini usizifute kwa pupa

Sote tumesikia habari za wafanyakazi hewa, wale ambao wamo kwenye orodha ya mishahara lakini kazini hawaonekani. Leo nataka tuongee kuhusu ndugu zao: kompyuta hewa. Fungua saraka ya mtandao wa ofisi yoyote iliyokaa miaka kadhaa, yaani lile daftari kuu ndani ya seva linalotambua watumiaji na mashine, nawe utakuta tarakilishi nyingi kuliko zilizoko mezani. Nyingine zimeandikwa mara mbili. Wengi husema ni uzembe wa mafundi. Mimi naona chanzo chake kiko kwenye historia.

Turudi enzi za ARPANET kule Marekani. Majina ya kompyuta zote yalikaa katika faili moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa katika taasisi ya SRI huko California na kikundi kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Ukitaka jina, unaomba kwao. Likiwa limeshachukuliwa, unatafuta lingine. Bawabu alikuwa mmoja, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuzuia majina yasigongane. Lakini maombi yalizidi kuongezeka, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS ili kila eneo litunze majina yake.

Saraka nazo zilikua. Kiwango cha X.500 kilitoka 1988, kikiwa kizito mno kwa kompyuta ndogo. Mwaka 1993 ikaja LDAP, iliyo nyepesi, kutoka kwa Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake. Kisha Februari 2000 Microsoft ikatoa Windows 2000 pamoja na Active Directory.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kwenye Windows NT, seva moja tu katika kila domeni ndiyo iliyoruhusiwa kuandika. Active Directory iliruhusu seva zote za domeni ziandike, halafu zipashane habari baadaye. Faida yake ni kubwa: laini ya kwenda Kisumu ikikatika, kazi ya huko inaendelea. Lakini tuseme fundi wa Nairobi na wa Kisumu wamesajili UHASIBU-01 kabla seva hazijapashana habari. Rekodi zote mbili zinabaki: moja inashika jina, nyingine inabandikwa herufi CNF na namba ndefu. Tena, mashine ikiwekewa Windows upya kwa jina jipya, rekodi ya zamani haiondoki yenyewe.

Je, tufute tu? Polepole. Kwa kawaida kompyuta hubadilisha neno lake la siri kwenye domeni kila siku 30, lakini ni kompyuta yenyewe inayoanzisha jambo hilo. Laptopu iliyokaa kabatini miezi 4 inaweza kurudi na kuingia bila shida. Tangu Windows Server 2003 kuna lastLogonTimestamp, tarehe ya mwisho ya kuingia ambayo seva zote zinaiona, ila inaweza kuwa nyuma kwa hadi siku 14.

Hatari kubwa zaidi ni BitLocker. Ofisi nyingi huhifadhi funguo za kufungulia diski chini ya rekodi ya kompyuta ndani ya saraka. Ukifuta rekodi, funguo zinaondoka nayo. Siku diski itakapodai ufunguo, data ya mtu imekwenda.

Kuziacha nako si dawa, maana akaunti hai isiyo na mwenyewe ni mlango usio na mlinzi.

Mimi hufanya hivi: nazima rekodi, naandika tarehe kwenye maelezo yake, nasubiri miezi 3, nanakili funguo pembeni, ndipo nafuta. Majina mapya yote yanapitia kwa mtu mmoja. Seva zilituondolea foleni ya HOSTS.TXT, lakini kazi ya bawabu haikuisha. Usipoifanya wakati wa kusajili, utaifanya wakati wa kufuta, na hapo ni ghali zaidi.

Jambo la mwisho: pipa la kurejesha vilivyofutwa lilikuja na Windows Server 2008 R2 mwaka 2009, nalo halifanyi kazi mpaka uliwashe. Hakikisha limewashwa kabla ya kufuta rekodi ya kwanza.