Kitalu cha Samadi Moto: Walivyoishinda Baridi Wakulima wa Paris

Kitalu wengi wetu tunakijua: tuta dogo la mbegu, nyasi juu yake, kichanja cha kivuli, na kopo la maji jioni. Leo tutazame historia yake katika nchi za baridi, ambako kitalu kilichofunikwa kilimsaidia mkulima kuishinda baridi.

Kwanza tuielewe taabu yao. Nchini Ufaransa, upande wa Paris, miezi ya Desemba hadi Februari ardhi ni baridi mno. Mbegu ya nyanya ukiitia shambani haioti, inaoza. Hata Aprili, usiku mmoja wa baridi ya kugandisha umande unatosha kuua miche yote. Ndiyo maana wazee wa huko hawakuiamini hali ya hewa mpaka zipite tarehe 11 hadi 13 Mei, siku walizoziita za Watakatifu wa Barafu. Sasa basi, ukingoja Mei ndipo utie mbegu, utavuna lini? Baridi itakurudia kabla hujashiba. Dawa ni moja tu: mbegu ianze maisha yake mahali pa joto, wakati nje kungali baridi.

Jambo hili si la jana. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Pliny, aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba Kaisari Tiberius, aliyetawala tangu mwaka 14 hadi 37, alipenda sana matango. Watunza bustani wake waliyaotesha katika vitanda vyenye magurudumu. Jua likitoka vilisukumwa nje; siku za baridi vilirudishwa chini ya vifuniko vya jiwe linalopitisha mwanga. Lakini hayo yalikuwa kwa meza ya mkubwa.

Walioigeuza kazi hii kuwa riziki ya mkulima mdogo ni watu wa Paris katika karne ya 19. Wengi wao walikuwa na kipande kisichofika hekta moja, tena cha kukodi. Mali yao kubwa ilikuwa samadi ya farasi. Mji ulijaa farasi wa kuvuta magari, basi mkulima alipeleka mboga sokoni, akarudi na gari limejaa samadi.

Walifanyaje? Samadi mbichi waliirundika, wakaikanyaga na kuimwagia maji. Ilipoanza kuoza ilitoa joto kali. Hawakupanda siku ile, la hasha! Walingoja ukali upungue, wakatandaza juu yake udongo wa samadi ya zamani iliyooza kabisa, ndipo wakatia mbegu. Juu wakafunika kwa fremu za kioo, au vioo vyenye umbo la kengele. Usiku wakaongeza mikeka ya majani makavu. Kwa njia hiyo walitia mbegu Januari na Februari: figili, karoti, saladi, hata matikiti. Mwenzao aliyengoja joto la Mei alifika sokoni bei imekwisha shuka. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Samadi hiyo, mwaka baada ya mwaka, iligeuka udongo mweusi mzuri sana. Mwandishi Mrusi Kropotkin, aliyeeleza habari zao mwishoni mwa karne hiyo, anasema mkulima alipohama shamba la kukodi alikuwa na haki ya kuuchukua udongo wake aliojitengenezea. Hebu fikiri: mtu anahama na udongo!

Mbona basi kazi hiyo ilififia? Magari ya moshi yalileta mboga kutoka kusini kwenye joto. Mji ukapanuka, nyumba zikajengwa juu ya bustani. Kisha magari ya injini yakawafukuza farasi. Basi la mwisho la farasi mjini Paris lilifanya safari yake mwaka 1913. Farasi walipoondoka, samadi ikaondoka nao. Mkulima aliyetegemea zizi la mwenzake akabaki mikono mitupu.

Ndugu mkulima, sisi hatuna theluji ya kutuzuia, lakini soko letu linafanana na lao. Mvua ikinyesha wote tunapanda, na nyanya zetu zote zinaiva wiki moja. Aliyetangulia na kitalu ndiye anayepata bei. Samadi ya kitalu iwe imeoza vizuri, kwa maana mbichi huunguza mizizi. Na kama wao walivyofunua vioo kidogo kidogo ili miche izoee, wewe nawe wiki ya mwisho punguza kivuli na maji kabla ya kupandikiza. Zaidi ya yote, samadi iwe ya zizi lako mwenyewe.