Diski ya usakinishaji yenye masasisho

Diski ya usakinishaji yenye masasisho ni CD, DVD au flashi ya kuwekea kompyuta mfumo endeshi, ambayo viraka vya usalama, na mara nyingi draiva pia, vimeshaingizwa kwenye mafaili yake kabla mashine yoyote haijaguswa. Fundi akimaliza kupiga Windows kwa diski hiyo, kompyuta inawaka ikiwa na masasisho yote yaliyoingizwa siku ilipotengenezwa.

Faida yake huonekana zaidi mahali ambapo intaneti ni ghali au ya kusuasua, na mkoa wa Mara nchini Tanzania ulikuwa hivyo kwa miaka mingi. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009; kabla ya hapo Tanzania ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kwenda nje. Kifurushi kikubwa cha pili cha Windows XP, kilichotolewa Agosti 2004, kilikuwa na takriban MB 266. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata laini isipokatika, hizo ni zaidi ya saa 10 kwa kompyuta moja. Chumba cha shule chenye kompyuta 20 kingevuta zaidi ya GB 5 za kitu kilekile. CD moja ndani ya basi la Mwanza kwenda Musoma ingefika mapema zaidi.

Katikati ya miaka ya 2000 wilaya za Bunda na Serengeti mkoani humo zilifanyiwa majaribio ya mtandao wa kasi wa vijijini. Mradi huo uliwahusisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo kikuu cha KTH cha Stockholm, ukitumia nyuzi za mkongo zilizomo kwenye njia za umeme za shirika la TANESCO. Mtandao wa aina hii unaweza kuwa na kasi nzuri kati ya kituo na kituo, lakini njia ya kutokea nje ikiwa nyembamba, bado ni afadhali masasisho yashushwe mara moja na kugawiwa humohumo.

Hoja ya usalama ina uzito zaidi kuliko ya bando. Mnamo Agosti 2003 kirusi Blaster kilienea kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake tarehe 16 Julai. Kompyuta iliyotoka kupigwa XP kwa CD ya mwaka 2001 iliweza kuambukizwa dakika chache baada ya kuunganishwa, kiraka kikiwa bado kinashuka. Kijidirisha kilitokea, kikahesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kisha mashine ikajizima na kuwaka upya; kazi ya kushusha ikaanza moja.

Kwa XP, fundi alinakili CD nzima kwenye folda, akakiamuru kifurushi kijiunganishe na folda hiyo, na mafaili ya zamani ndani ya folda ya I386 yakabadilishwa kwa mapya. Programu ya nLite iliwarahisishia kazi wale wasiopenda kuandika amri. Wengi walikwama kwenye kuchoma: CD iliyochomwa kama nakala ya kawaida, bila sekta ya kuwashia, ukiifungua unaona mafaili yote yapo, lakini kompyuta haiwaki nayo.

Tangu Windows Vista, mfumo hukaa ndani ya faili moja, install.wim. Zana ya DISM, iliyokuja na Windows 7 mwaka 2009, hulifungua faili hilo kwenye folda tupu, huongeza vifurushi, kisha hulifunga na kuhifadhi mabadiliko. Mpangilio hauchezewi: kifurushi cha jumla cha Windows 7 cha Mei 2016 kilihitaji kwanza kile cha 2015 chenye namba KB3020369. Faili nalo huvimba kila linapoongezewa kitu. Likizidi GB 4 haliingii kwenye flashi ya FAT32, na fundi hulazimika kulikata vipande vya .swm.

Upande wa Linux kazi hii mara nyingi hufanywa na watengenezaji wenyewe. Ubuntu 6.06 ilitolewa upya kama 6.06.1 mwaka huohuo wa 2006, masasisho yakiwa ndani. Ubuntu pia ilituma CD bure kwa posta hadi mpango huo ulipofungwa Aprili 2011.

Diski ya kuokota ni jambo jingine. Aliyeijenga anaweza kuwa amepunguza huduma za printa ili itoshe kwenye CD, au amepachika programu ya kunasa nywila, na kwa macho huwezi kujua. Fundi wa Musoma anayekwenda kuhudumia ofisi Butiama afadhali ajenge yake kutoka nakala halisi, aliyoilinganisha na alama ya SHA-256 iliyotangazwa na mtengenezaji. Kuunganisha masasisho hakubadilishi leseni. Ufunguo halali bado unahitajika.

Kwa Windows 10 kazi ilikuwa nyepesi, kwani sasisho la kila mwezi hubeba na yale yaliyotangulia. Usaidizi wa kawaida wa mfumo huo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ambayo haikuandikishwa kwenye mpango wa nyongeza haina kiraka cha usalama cha kawaida cha kusubiri baada ya kile cha mwezi huo.